Ekari tatu kando ya barabara ya Moshi–Arusha: je, tujenge sheli?

Swali la msomaji wa Moshi, kwa ufupi: "Shikamoo mzee. Marehemu baba alituachia ekari tatu zinazopakana na barabara kuu, kilomita chache baada ya Boma Ng'ombe ukielekea KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), upande wa kushoto. Tuko ndugu wanne. Wawili wanataka tukope benki tujenge sheli kubwa yenye mgahawa, ili mabasi ya Dar yawe yanasimama hapo. Mimi naona sheli zimeshakuwa nyingi katika barabara hii. Je, italipa? Na kama italipa, tuanzie wapi?"

Marahaba, mwanangu, na Mungu amlaze baba yenu mahali pema. Nimefanya kazi katika vituo vya mafuta vya ukanda huu kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali kama lako nimeulizwa mara nyingi na watu ambao tayari walikuwa wamekwisha kumwaga zege. Nafurahi kwamba ninyi mmeuliza kabla, kwa sababu mambo mengi yanayoamua kama kituo kitalipa huamuliwa na mahali kiwanja kilipo, na hayo hayawezi kurekebishwa kwa mkopo wala kwa rangi nzuri ya kanopi, yaani paa la juu ya pampu.

Nianze na mabasi ya Dar, kwa kuwa ndiyo tumaini kubwa la ndugu zako, na ndilo ninalowaomba mlifute mapema. Barabara yenu ni sehemu ya barabara kuu inayotoka Chalinze, ikapita Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo na Moshi hadi Arusha na Namanga. Kati ya Moshi na Arusha ni kilomita 80 hivi tu. Basi linalotoka Arusha alfajiri hupita Boma Ng'ombe likiwa limetembea saa moja au zaidi kidogo, tangi limejaa, abiria wengi bado wanasinzia, na dereva anafikiria muda wake wa kufika Same na Mombo. Basi linalopanda kutoka Dar hufika kwenu likiwa limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 550, na abiria aliyechoka namna ile hataki chakula cha njiani tena. Anataka kufika nyumbani. Sehemu ya kula ya safari ndefu haichaguliwi kwa uzuri wa mgahawa, bali kwa saa ambayo njaa na uchovu vinamkuta abiria, na ndiyo sababu Mombo na Korogwe zimekuwa na vituo vya chakula kwa miongo mingi. Kuruhusiwa tena kwa safari za mabasi usiku mwaka 2023 kumebadilisha saa za kufungua na kufunga kwa vituo vingi, lakini hakukuisogeza Boma Ng'ombe katikati ya safari.

Basi ni nani atakayesimama kwenu? Jibu la swali hili ndilo biashara yenyewe, kwa hiyo tulitazame taratibu.

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, kiwanja kilicho kushoto ukielekea KIA kinawahudumia wanaotoka Moshi kwenda Arusha. Msitegemee wanaokuja kutoka Arusha. Dereva mwenye lori hakati barabara yenye magari ya mwendo kasi ili anunue mafuta anayoweza kuyapata upande wake baada ya dakika kumi, na mimi nisingependa ajaribu. Kwa hiyo kila hesabu mtakayoiona imejumlisha magari yote yanayopita pale, igaweni kwa mbili kabla ya kuijadili.

Tena njia panda yenyewe ya Boma Ng'ombe iko nyuma yenu. Magari yanayopeleka wapandaji wa mlima geti la Londorosi huchepuka Boma kwenda Sanya Juu, kwa hiyo hayafiki kwenu. Wageni wanaoshuka KIA wakaelekea Moshi watapita upande wa pili. Mnaowapata ni hawa: malori yanayotoka Tanga na Dar kwenda Arusha na Namanga, magari ya mazao yanayoshuka kutoka Siha na Magharibi mwa Kilimanjaro kuelekea masoko ya Arusha, Noah na Coaster za kila siku, magari yanayowasindikiza wasafiri uwanja wa ndege, na bodaboda pamoja na matrekta ya jirani zenu wenyewe. Mimi nawaheshimu sana hawa wa mwisho, maana ndio wanaorudi kila siku hata mvua ikinyesha.

Upande wenu una bahati moja ambayo pengine hamjaifikiria. Mafuta ya mikoa yetu ya kaskazini hukokotolewa bei kwa kuanzia Bandari ya Tanga, na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, inapotangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, jedwali lake huonyesha bei ya kila mji kulingana na gharama ya kusafirisha. Kwa kawaida Moshi huwa chini kidogo, Hai, wilaya ya Boma Ng'ombe, inafuata, na Arusha iko juu yao. Tofauti ni ya shilingi chache kwa lita, na mwenye gari dogo haioni. Mwenye lori lenye tangi la lita 600 anaiona, na madereva wa masafa marefu wanaijua vizuri kuliko wahasibu. Dereva anayeelekea Arusha ana sababu ya kujaza kabla hajafika huko. Anayetoka Arusha ana sababu ya kusubiri. Ninyi mko upande wa yule wa kwanza. Bahati hii mnaigawana, hata hivyo, na kila kituo kilichoko kati ya Moshi na kwenu, na hapo ndipo wasiwasi wako kuhusu wingi wa sheli unapokuwa na msingi.

Sasa fedha. Watu wengi huiangalia bei kwenye bango na kudhani kituo kinapata sana mafuta yakipanda. Mambo hayaendi hivyo. Kanuni ya bei inampa muuzaji wa rejareja kiwango chake kwa shilingi kwa kila lita, si kwa asilimia ya bei, na kiwango hicho hakikui siku hiyo hiyo bei inapokua. Tuchukue shilingi 3,000 kwa lita kwa ajili ya hesabu tu: shehena ya lita 30,000 itawadai shilingi milioni 90 za mtaji kabla hamjauza hata tone. Bei ikipanda, mtaji unaotakiwa unaongezeka na pato kwa lita linabaki lilipo. Bei ikishuka Jumatano ya kwanza ilhali matangi yenu yana mafuta mliyonunua kwa bei ya juu, hasara ni yenu. Mwenye kituo makini huiangalia kalenda, na wiki ya mwisho ya mwezi huagiza kwa kipimo. Anayelipa riba ya benki juu ya jengo, kisha akalipa riba nyingine juu ya shehena, anaishi kwa hofu ya jedwali hilo, na nimewaona watu wazima na wenye akili wakipoteza viwanja vya wazazi wao kwa njia hiyo.

Kuna upotevu mwingine ambao wageni wa kazi hii huudhania kuwa wizi, na umevunja urafiki kati ya wenye vituo na madereva wao wa kubeba mafuta. Petroli hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, takriban lita moja katika kila lita 1,000 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mafuta yaliyopakiwa Tanga katika joto la pwani, yakamwagwa katika tangi lililofukiwa ardhini huku kwetu chini ya mlima, yanaweza kupoa nyuzi tano au sita. Katika lita 30,000 hizo ni lita 150 hadi 180 zilizopotea bila mkono wa mtu. Dizeli husinyaa kidogo chini ya hapo. Ndiyo maana kijiti cha kupimia tangi hakitoshi kikiwa peke yake. Pimeni na joto, andikeni vyote viwili kila asubuhi na kila gari la mafuta linapomwaga, na mtafute ukweli katika daftari kabla ya kumwita mtu mwizi. Wizi upo pia, nao huonekana vizuri zaidi pale ambapo upungufu wa kawaida umekwisha kuhesabiwa.

Ikiwa pato la pampu limefungwa namna hii, kituo cha barabara kuu kinapata pumzi yake wapi? Katika kile kinachomfanya mtu asimame hata kama tangi lake halijaisha. Nitasema jambo ambalo ndugu zako huenda wataliona dogo: anzeni na choo.

Kila aliyesafiri nchi hii anajua maana ya kuchimba dawa. Basi linasimama porini, wanaume wanakwenda huku, akina mama na mabinti wanatafuta kichaka kule, wengine wanajizuia hadi wanaugua. Mamlaka zimekataza jambo hilo, na kukataza bila kuwa na choo safi njiani ni kumhamishia msafiri mzigo. Mimi jambo hili linaniuma, kwa sababu vituo vingi nilivyovijua vilijenga kanopi ya mamilioni kisha vikaweka tundu mbili za choo nyuma ya jengo, ufunguo mfukoni mwa mhudumu, maji kwenye ndoo. Piga hesabu nyepesi ya Coaster ya harusi au ya kwaya yenye akina mama 20. Kila mmoja akitumia dakika moja na nusu, tundu mbili zitawachukua robo saa. Tundu sita zitawachukua dakika sita. Dereva hulikumbuka jambo hilo, na akina mama hulikumbuka zaidi, na safari inayofuata wao ndio watakaomwambia asimame wapi. Choo chenye maji ya uhakika, taa, sabuni, mlango unaofungika kwa ndani na mtu anayelipwa kukisafisha kila saa kitawaletea wateja wengi kuliko bango lolote. Kisima au tangi kubwa la kuhifadhi maji liingie kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa kuwa bomba la mtaani linaweza kukauka siku ile ile mnayolihitaji sana.

Uingereza walilifikiri jambo hili wakati barabara zao za mwendo kasi zilipokuwa changa. Kituo cha Watford Gap kilifunguliwa tarehe 2 Novemba 1959, siku moja na barabara yenyewe ya M1, na hadi leo kituo kinachotaka kuwekewa alama kwenye barabara za namna hiyo sharti kiwe wazi saa 24 kila siku ya mwaka, kitoe choo bila malipo na maegesho bila malipo kwa saa mbili, hata kwa mtu asiyenunua kitu. Vituo vinapangwa ili msafiri asiende zaidi ya nusu saa hivi bila kukipata kimoja. Sisi hatuna kanuni ya namna hiyo katika barabara yetu, lakini mwenye kituo hazuiwi kuifuata.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yenu ni wa Tebay, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo. Barabara ya M6 ilipopasua shamba la milimani la John na Barbara Dunning, wao walifungua kituo cha kupumzikia wasafiri mwaka 1972, kikiwa na mkahawa mdogo wa viti 30, na wakauza chakula cha kienyeji. Kituo kilikua, duka la mazao ya wakulima wa jirani likaongezwa, na leo kuna watu wanaopanga safari zao ili wasimame pale. Japani nako, tangu mwaka 1993, kuna vituo vya kandokando ya barabara vinavyoitwa michi-no-eki, ambavyo sasa vimezidi 1,200: maegesho na choo viko wazi usiku na mchana bila malipo, na ndani mkulima wa kijiji hicho anauza mazao yake. Vingi kati yake havina hata pampu ya mafuta.

Nawaambia haya kwa sababu ekari tatu zenu ziko katika nchi ya ndizi, parachichi, kahawa, maziwa na mboga, na anayekwenda Arusha hukosa mahali pa kununua vitu hivyo bila kuegesha gari kwenye bega la barabara, watoto wa wachuuzi wakikimbilia madirisha. Mtori wa moto asubuhi, ndizi za kuchoma, maziwa mgando, kahawa iliyokaangwa jirani, na banda safi ambamo akina mama wa kijijini wanapanga mazao yao kwa bei iliyoandikwa: hivyo havidhibitiwi na jedwali la mwezi. Lakini vinahitaji kivuli, maegesho na utaratibu, na vinapaswa kuwa upande ambao malori ya mafuta hayapiti.

Kuhusu ardhi na ujenzi nitataja machache ambayo ni ghali kuyakosea. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zinaweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Pimeni ekari zenu kuanzia hapo, si kuanzia ukingo wa lami, kwa kuwa ukuta au tangi lililoingia ndani ya hifadhi litakuja kuwekewa alama ya X ya kubomolewa. Barabara ya njia nne imekwisha kutoka Sakina hadi Tengeru, na ikija kuendelezwa kuelekea Moshi itakuwa na ukuta mdogo katikati. Kiwanja kinachotegemea magari ya kukata barabara kitakufa siku hiyo, na hii ni sababu nyingine ya kujipanga kwa upande wenu tu.

Mlango wa kuingilia usiwe karibu na kona wala kileleni mwa mwinuko. Gari la kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde, na dereva anahitaji kukiona kituo, kuamua, kuonyesha ishara na kupunguza mwendo bila kumshtua aliye nyuma yake. Njia ya kuingia na ya kutoka ziwe mbili tofauti, na ndani pawe na nafasi ya lori lenye tela kugeuka bila kurudi nyuma. Kanopi isiwe chini ya mita tano. Chimbeni mashimo ya majaribio kabla ya kununua matangi: udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika huvunja sakafu na mabomba, na katika sehemu yenye maji ya karibu tangi tupu huelea. Tangi la lita 20,000 likizungukwa na maji husukumwa juu kwa nguvu inayokaribia tani 20, kwa hiyo ni lazima lifungwe kwenye bamba la zege. Maji ya mvua yanayoosha uwanja wa pampu yapite kwenye shimo la kutenganisha mafuta kabla ya kwenda mtaroni, kwa sababu chini yenu kuna mashamba ya watu na visima vyao.

Vibali ni vingi lakini vinafahamika: mabadiliko ya matumizi ya ardhi halmashauri, ambako pia mtaelezwa umbali unaotakiwa kati ya kituo na kituo, ruhusa ya kuunganisha njia kutoka TANROADS (wakala wa barabara kuu), tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake kupitia NEMC (baraza la mazingira), Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), kibali cha ujenzi na leseni kutoka EWURA, na Wakala wa Vipimo kuhakiki pampu na kuzifunga lakiri. Kabla ya vyote, ninyi ndugu wanne muwe na hati na makubaliano ya maandishi. Ofisi inaweza kuchelewesha mradi kwa miezi. Ndugu mmoja asiyeridhika anaweza kuuchelewesha kwa kizazi.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Nisingekopa kujenga sheli kubwa. Kama magari yatathibitisha kuwa biashara ipo, ningekodisha sehemu ya kiwanja kwa kampuni ya mafuta iliyokwisha kuwa na mtaji wa shehena na magari ya kusafirisha, na sehemu iliyobaki, pamoja na choo, mgahawa, banda la mazao na maegesho, ningeiendesha kama familia. Katika mkataba huo hakikisheni mambo matatu yameandikwa wazi: kodi ipitiwe upya baada ya muda gani, nani anamiliki matangi mkataba ukiisha, na nani atalipa gharama ya kusafisha udongo ikiwa mafuta yatakuwa yamevuja. Kipengele hicho cha tatu husahauliwa mara nyingi kuliko vyote, na mwenye ardhi huachiwa shimo lenye harufu ambalo hawezi kulipandia hata mahindi.

Mtaanzia kwenye hesabu. Wawekeni vijana wawili wenye daftari kwenye kiwanja kwa siku saba mfululizo, saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, wahesabu magari ya upande wenu tu kwa kila saa, wakitenganisha malori, Coaster na Noah, magari madogo na bodaboda. Wengine wawili wakae jirani na kituo kilicho karibu zaidi upande huo huo, wahesabu ni mangapi yanaingia na yanakaa dakika ngapi. Kutokana na madaftari hayo mtapata jambo ambalo benki haiwezi kuwaambia, yaani katika kila magari mia yanayopita ni mangapi yanasimama, na ya aina gani.

Msifanye hesabu hiyo Desemba. Mwezi huo watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, barabara inajaa, kila kituo kinaonekana dhahabu, na wengi wamefanya uamuzi wao wa kukopa kwa kuitazama foleni ya wiki ile. Hesabuni Septemba, kisha mrudie mwezi Mei mvua ikiwa inanyesha, na mlinganishe madaftari hayo mawili mkiwa wote wanne mezani.